Jagi la Alfajiri

Jogoo wa jirani alikuwa bado anajisafisha koo, na Mama Spana alishafika pampuni na jagi lake la plastiki. Alilishika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia siku hizi kazi yake ilikuwa kuuma tu. Alifungua kifuniko cha juu ya pampu, akamimina maji taratibu, akasubiri kidogo, kisha akashika mpini na kuanza kuhesabu. Pampu yenye afya ilitakiwa kutoa maji kwenye pigo la nne. Hii ilifika la tisa ndipo ikakohoa na kutoa maji membamba.

"Tisa," akasema peke yake, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za mgonjwa asiyepona wala kufa.

Pampu yenyewe haikuwa na maajabu. Kisima hakikuwa kirefu, na ndani ya shingo ya pampu, chini kidogo ya mpini, kulikuwa na kikombe cha ngozi ambacho ndicho kilichovuta maji. Ngozi ikiwa na unyevu hukaza na kuvuta. Ikikauka husinyaa, na hapo utapiga mpini mpaka jua lizame, uambulie upepo. Sasa, valvu ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, ilikuwa imechoka tangu zamani, kwa hiyo kila usiku maji yalishuka kisimani na kuiacha ngozi kavu. Dawa yake ilikuwa jagi moja la maji kila alfajiri na mapigo machache ya kuiamsha. Jua likichomoza, watu walikuja na ndoo zao, wakakuta maji yanatoka kwenye pigo la kwanza, wakachota, wakasengenyana kidogo, wakaenda zao. Kwa miaka kumi na tisa hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini pampu hii huamka ikiwa tayari imeshanawa uso.

"Pampu yetu haijawahi kuharibika," Mwenyekiti wa kamati ya maji alipenda kuwaambia wageni, huku akiigonga gonga kwa kiganja.

Mama Spana akiyasikia maneno hayo, bega lilizidi kumuuma. Imeharibika, Mwenyekiti, imeharibika mara hamsini, mchana wa jua kali ninyi mkiwa mashambani na mimi nimepiga magoti kwenye zege. Lakini hayo aliyasemea moyoni. Alishasema kwa sauti mengine mengi, na alikuwa anajua yalikoishia.

Zamani wanawake wa kuitunza pampu walikuwa saba. Idara ya maji ilileta mwalimu, akakaa nao siku tatu kwenye baraza la zahanati, akawafundisha kufungua na kufunga, akawaachia spana moja ya kutumia kwa zamu. Wawili wakaolewa mbali. Mmoja alifariki, mmoja akahamia kwa mwanawe, mmoja akasema mgongo, na mmoja hakusema kitu, aliacha tu kuja. Spana ikabaki kwake, imefungwa kwenye ncha ya kanga kiunoni, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Mjukuu wa wifi yake aliwahi kuuliza kama alizaliwa nayo.

Kila mwaka, kwenye mkutano wa maji, alisimama kuomba apumzishwe, na kila mwaka walimpigia makofi. Mwaka mmoja walimpa makofi na mabuti ya mpira. Mwaka mwingine makofi na blanketi. Mwaka jana aliamua kusema waziwazi, asimung'unye maneno: "Jamani, nimechoka. Bega limekwisha. Namtaka mtu wa kupokea hii spana, leo hii, hapa hapa." Mwenyekiti akasimama, akamtazama kwa huruma, akawageukia watu. "Mnasikia mama yetu alivyo mnyenyekevu?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Alirudi nyumbani na redio mpya. Aliketi nayo mapajani bila kuiwasha, akalia. Ilikuwa hasira zaidi kuliko huzuni, ingawa katika umri wake vyote viwili vilitokea mlango mmoja.

Mwaka huu tabibu wa zahanati alimkunja mkono, akaunyoosha, akatikisa kichwa. "Bega hili limelika kama hiyo ngozi yako ya pampu, mama. Tofauti ni kwamba hili sina la kubadilishia." Wiki hiyo hiyo binti yake, fundi wa cherehani aliyeishi mjini na mumewe, akapiga simu. Mtoto amezaliwa salama. "Njoo unisaidie kumwogesha, Mama. Na ukija usirudi. Chumba kipo."

Mama Spana hakumwambia mtu ila Wifi. Wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwenye ulimi mkali na roho laini. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miti, pampu ikiwa hatua chache upande wa Wifi, na ua wenyewe ulikuwa na pengo walilolipitia kwa miaka yote hiyo.

"Naenda siku kumi na mbili," akamwambia. "Pampu nakuachia wewe. Nikirudi nikaikuta inatoa maji, nafungasha vitu vyangu, nahamia kwa binti. Nikikuta imekufa, basi nijue mimi na hiki chuma tutazikwa pamoja."

"Watakuchimbia pale pale kwenye zege," akasema Wifi. "Angalau kaburi lako litakuwa karibu na maji."

Walicheka, lakini Mama Spana hakuwa anatania. Siku iliyofuata alibadilisha ngozi, akaweka mpya, akamwachia Wifi spana na kumwonyesha kila hatua. Jagi moja alfajiri. Usubiri. Upige mpini mpaka chini, si nusu.

"Na ikigoma?"

"Haitagoma."

"Nasema ikigoma."

"Unafungua hizi nati nne, unaitoa ngozi, unailoweka mpaka ilainike, unairudisha."

Wifi akaziangalia zile nati nne kama mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani.

Kwa binti yake maji yalitoka ukutani. Unazungusha tu, yanakuja. Siku tatu za mwanzo Mama Spana aliamka saa ile ile, akachukua jagi jikoni, akasimama nalo katikati ya chumba asijue alitaka kulipeleka wapi. Binti yake alimkuta hivyo mara moja. "Mama, unataka kunywesha nini?" Wote wawili wakacheka, na mtoto akaamka. Siku ya tano alilala mpaka jua likamgusa uso. Alimwogesha mjukuu wake kwa mkono mmoja na nusu, akamkanda, akamfunika, na hakuna mtu aliyebisha hodi kumwuliza habari za nati. Alikuwa amesahau kwamba uchovu ni kitu kinachoweza kupungua.

Kila baada ya siku mbili alimpigia Wifi.

"Pampu vipi?"

"Iko salama."

"Haijavunjika kitu?"

"Hata msumari. Wewe lea mtoto, Wifi. Na ulale."

Sauti ya Wifi ilikuwa na haraka kidogo, lakini Mama Spana alidhani anabana salio la simu. Siku ya kumi alimwambia binti yake, "Narudi kufungasha tu. Wiki ijayo niko hapa." Binti yake akachukua futi ya kushonea, akapima dirisha la kile chumba ili amshonee pazia. Mama Spana alimtazama akipima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kupima kitu kwa ajili yake.

Alipata lifti kwenye lori la saruji, akateremka njia panda asubuhi, mfuko wake begani, bega zima. Hakufika mbali. Wanawake wanne walikuwa wanapanda kutoka upande wa mtoni na ndoo kichwani, majani yakielea juu ya maji yasimwagike. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama Spana karudi," mmoja akasema, na wote wakatua ndoo zao pale pale njiani. "Afadhali. Miguu imetuishia."

"Kwani pampu imekufa?"

"Haijafa. Ipo. Tumekutunzia."

Alikwenda moja kwa moja, hakupitia hata nyumbani. Pampu ilikuwa imezungushiwa matawi ya miiba. Mpini ulikuwa umefungwa kwa mnyororo wa baiskeli na kufuli. Zege lilifagiliwa likang'aa, na mdomo wa pampu umefunikwa kwa kitambaa safi, kimefungwa kwa uzi. Habari za kurudi kwake zilikuwa zimeshatangulia, na Mwenyekiti alikuwa anakuja kwa hatua za haraka, ufunguo ukining'inia shingoni.

"Tangu siku ya pili ya safari yako haijaguswa," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Mke wa fundi baiskeli alipiga mpini, ukatoa mlio. Tukakaa kikao. Tukasema hapana. Hii ikitufia mikononi, mama yetu tutamwambia nini? Ipumzike mpaka arudi mwenyewe."

"Siku zote hizo?"

"Zote. Hata mtoto hajaisogelea."

"Na mlikunywa nini?"

"Mto upo," akasema Mwenyekiti, tabasamu likianza kupungua.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, akiangalia vidole vya miguu yake. Mama Spana akamgeukia.

"Mjukuu wako hajambo?"

"Aliharisha. Sasa hajambo. Wa jirani wawili bado wako zahanati."

"Na mimi nakupigia simu, unaniambia iko salama."

"Ningekwambia, ungerudi siku ile ile." Wifi akanyanyua uso. "Nilitaka ulale, Wifi. Hata kidogo tu."

Hasira ilimjaa Mama Spana mpaka masikioni, akatafuta maneno ya kuwapasha, na kila alilolishika akakuta ni lake mwenyewe. Nani aliwaambia wasiguse? Ni yeye. Nani alimpiga bibi harusi mmoja kofi la mkononi kwa kupiga mpini nusu nusu? Ni yeye. Hata Mwenyekiti, siku alipojaribu kukaza nati iliyolegea, alimfukuza hadharani: toa mkono, utaniharibia, pampu hii inanijua mimi. Siku hizo maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni. Alipenda kuitwa, alipenda kungojewa, alipenda watu wakae pembeni ajapo. Somo moja tu ndilo alilowafundisha kwa miaka kumi na tisa, na walikuwa wamelishika barabara.

Mwenyekiti akafungua kufuli. Watu wakapisha njia. Mama Spana akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akapiga kumi, akapiga ishirini. Upepo. Ngozi ilikuwa haijapata tone kwa siku kumi na moja, na sasa jagi moja lisingetosha kuilainisha. Maana pampu isipopigwa, walisema, ya nini kuinywesha?

"Si tulisema," mtu akanong'ona nyuma. "Bila yeye haiendi."

Akauachia mpini. Akaenda kwenye ukingo wa zege, akaketi, akaweka mfuko mapajani.

"Wifi, ifungue."

"Mimi?"

"Nati nne."

Kazi ambayo yeye angeimaliza kabla sufuria halijachemka ilimchukua Wifi asubuhi nzima. Spana iliteleza, ikamchuna vidole. Nati moja ilidondoka vumbini, ikatafutwa na watu watano. Ngozi ilipotoka ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu kilichotupwa, na Wifi akaiangalia kwa hofu, akamwangalia Mama Spana, akakuta anatazama pembeni. Wakailoweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo ya kupikia. Wakangoja mpaka baada ya adhuhuri. Wakati wa kuirudisha, Wifi aliiweka juu chini. Mama Spana aliona. Alikalia mikono yake, yote miwili, akang'ata mdomo. Wifi akakaza nati zote nne, akamimina jagi, akapiga mpini, hakuna kitu. Akatukana kidogo kwa sauti ya chini, akafungua upya, akagundua mwenyewe. Katika kazi zote alizowahi kuifanyia pampu ile, Mama Spana hakuwahi kufanya iliyomchosha kama kukaa kimya kwa saa ile moja.

Kwenye pigo la ishirini na sita maji yakaja. Yalianza na uchafu, yakatakata, yakaanguka kwa nguvu kwenye ndoo ya kwanza.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo, wengine machozi yakiwalenga, na wote walikuwa wamegeuka kumtazama yeye, aliyeketi na mfuko mapajani. Wifi alisimama pembeni ya pampu, mafuta mpaka kwenye viwiko, damu imekauka vidoleni, hakuna aliyemtupia jicho.

"Mnaona?" alisema Mwenyekiti. "Amefika tu, maji yametoka."

"Sijagusa kitu," akasema Mama Spana. "Ni huyu. Sijagusa kitu mimi."

Sauti yake ilimezwa na makofi. Akarudia, ikamezwa tena. Mtu mmoja tayari alikuwa anapendekeza kwamba mwaka huu apewe godoro.

Wifi akaja na spana, akamnyooshea. "Haya, shika chako."

"Sishiki."

"Mbele za watu, Wifi?"

"Mbele za watu."

Mkono wake wa kulia ulitaka kuipokea. Ulishainuka nusu, kwa mazoea, ikabidi aukamate kwa wa kushoto na kuurudisha mapajani. Wifi alingoja, kisha akaiweka spana juu ya zege kati yao. Hakuna aliyeiokota. Watu walijaza ndoo zao, wakaaga, wakatawanyika, na wao wawili wakaondoka kila mmoja kwa njia yake, hata kwenye pengo la ua hawakupitia.

Alfajiri Mama Spana aliamka saa ile ile. Mfuko ulikuwa miguuni pa kitanda, hajatoa hata nguo moja. Alilala akitazama dari, akijiambia kwamba hatoki, na kwamba kama hakuna atakayekwenda, basi na iwe. Alijua anajidanganya. Angehesabu mpaka mia, kisha angetoka.

Alifika sitini na kitu aliposikia kifuniko cha pampu kikifunguliwa. Maji yakamiminwa. Kimya kidogo. Mpini ukaanza, na yeye akahesabu nao chini ya blanketi, moja, mbili, tatu. Kwenye la saba maji yakatoka. Alifurahi mpaka akaona aibu, maana katikati ya furaha ile kulikuwa na wivu kidogo. Akavuta blanketi. Hata usingizi usipokuja, atajilaza hapo hapo tu, kama mtu mwingine yeyote.

Jua likachomoza, ndoo zikaanza kugongana. Ndipo akasikia sauti ya Wifi, kali, ikipita juu ya ua.

"Nani kakwambia ushike? Toa mkono. Utaniharibia."

"Samahani, shangazi." Huyo alikuwa mke wa fundi baiskeli. Ndoo ikatuliwa chini.

Mama Spana akaketi kitandani. Aliyajua maneno yale kama anavyoijua njia ya kwenda chooni, na alijua yanakomfikisha msemaji. Mwili wake haukutaka kuinuka. Akaunyanyua hivyo hivyo, akajitanda kanga, akatoka bila viatu, akapita kwenye pengo.

"Wifi."

Wifi akageuka. Spana ilikuwa kiunoni mwake, imefungwa kwenye ncha ya kanga. "Umeamka? Rudi kalale. Kazi inaendelea."

"Mwache apige."

"Huyu? Anapiga nusu nusu. Mwezi hauishi, ngozi itakuwa imekatika."

"Ikatike."

"Halafu?"

"Halafu mpe spana, umwonyeshe zile nati nne. Wewe kaa pale kwenye zege, ukalie mikono yako."

Wifi alitazama vidole vyake vilivyochunika, akatazama ukingo wa zege. "Nilikuona jana," akasema. "Nilidhani umeninunia."

"Nilikuwa nafanya kazi."

Wifi akarudi nyuma hatua moja, kwa shida, kama aliyeambiwa amkabidhi mtu mtoto. Kisha akaenda kuketi. Mke wa fundi baiskeli akawaangalia wote wawili kuhakikisha, akashika mpini. Alipiga vibaya kweli: nusu pigo, nusu pigo, na kila moja lilimchoma Mama Spana begani. Alisimama mpaka ndoo ikajaa, kisha akaingia ndani kuchukua mfuko wake, kwani lori la saruji la kurudi mjini hupita njia panda kabla ya saa mbili.